Roman inatusaidia nini? Habari ya Chinua Achebe, mtunga hadithi



Muhula huu komite ya wanafunzi ilipokea barua yenye majina 23 chini yake. Barua inaomba saa ya biblioteke ya siku ya tatu jioni iondolewe, na ile saa wapewe wenzetu wa mwaka wa tano na wa sita kwa kurudilia masomo. Sababu yao ni hii: Examen d'Etat haiulizake roman. Inaulizaka hesabu, fizike, Kifaransa na masomo ya opsio. Basi yule anayekaa na roman mkononi anamaliza petroli ya taa bure.

Kukata neno hili si kazi yangu, ni kazi ya Prefe na walimu. Lakini wenye barua walitaka mimi kapita nitie mkono, na sikutia. Tangu siku ile, kila nikipita enterna mtu ananiita: "Kapita, juu ya nini unatukatalia? Weye si uko na Examen sawa sisi?" Ndiyo, niko nayo, tena mwaka huu huu. Badala ya kujibu mmoja mmoja mlangoni, najibu hapa. Na sitajibu kwa mawazo yangu peke yake, maana nani atasikiliza mwanafunzi wa miaka 18? Naleta shahidi, mtu ambaye kusoma na kutunga vilikuwa kazi ya maisha yake yote: Chinua Achebe wa Nigeria.

Wenzetu wa mwaka wa nne wanamjua kwa kitabu Le monde s'effondre. Kwa Kingereza kilitoka London mwaka 1958, kwa Kifaransa mwaka 1966, na ndugu zetu wa Afrika ya Mashariki walikigeuza kwa Kiswahili wakakiita Shujaa Okonkwo. Kimegeuzwa kwa lugha zaidi ya 50. Achebe alizaliwa tarehe 16 Novemba 1930 katika nchi ya Waigbo, akafa Boston, kule Marekani, tarehe 21 Machi 2013. Baba yake, Isaiah Okafo Achebe, alikuwa katekista na mwalimu wa misioni ya Waanglikana. Basi alikuwa mtoto wa misioni, sawa na wengi wetu. Nyumbani mwao vitabu vilikuwa vichache. Kimoja kilikuwa kile cha Bunyan, Safari ya Msafiri, katika lugha ya Kiigbo. Wangapi kati yetu wamekiona kitabu kile cha Bunyan katika nyumba ya mchungaji, kimekaa kabatini pamoja na kitabu cha nyimbo!

Sasa sikilizeni habari ya shule yake, maana inagusa barua yetu sawasawa.

Mwaka 1944 Achebe aliingia shule ya serikali ya Umuahia. Ilikuwa shule ngumu, ya kuchagua watoto wenye akili katika nchi nzima, na watoto wa namna hiyo mnawajua: hawalali, wanasoma mpaka macho yanakuwa mekundu. Mkubwa wa shule, Mwingereza William Simpson, aliona hatari. Akaweka sheria: siku fulani za juma, kisha masomo ya mchana, hakuna ruhusa ya kufungua kitabu cha kalasi hata kimoja. Unaweza kusoma roman, au habari za maisha ya watu, au gazeti. Unaweza kuandika barua, au kucheza mpira wa meza, au kukaa tu. Lakini ukishikwa na kitabu cha hesabu saa ile, unapata azabu. Azabu juu ya kusoma hesabu! Nadhani wale 23 wangekufa kwa hasira.

Achebe alikumbuka sheria hiyo mpaka uzee wake na aliisifu. Alionyesha tena neno moja la kushangaza. Katika ile shule moja walitoka watunga vitabu wengi: yeye mwenyewe, Christopher Okigbo mshairi, Gabriel Okara, Elechi Amadi, Chukwuemeka Ike, na nyuma yao Ken Saro-Wiwa. Je, ni bahati? Yeye alifikiri biblioteke ya Umuahia na ile sheria vilikuwa na sehemu yao. Na msifikiri masomo mengine yalianguka. Achebe huyu huyu alipomaliza Umuahia alipata buruse ya kusoma uganga katika chuo kikuu cha Ibadan mwaka 1948. Mwaka mmoja tu, akaacha uganga akafuata lugha ya Kingereza, historia na elimu ya dini, akapoteza na buruse yake. Wazazi wanaosoma gazeti hili wasiogope, si kila msomaji wa roman anaacha uganga.

Lakini mpaka hapa sijajibu neno lenyewe. Tuseme roman hailetake pointi. Inaleta nini?

Achebe anajibu kwa kueleza namna gani yeye mwenyewe alisoma alipokuwa mtoto. Katika biblioteke ile mlikuwa vitabu vya Waingereza juu ya Afrika, vya Rider Haggard, vya John Buchan na wengine. Ndani yake mzungu mmoja mwema, mwenye akili na moyo mkubwa, anapita katika pori lenye washenzi wabaya wanaotaka kumwua. Achebe anasema kwamba alipokuwa anasoma, alikuwa upande wa mzungu. Aliogopa pamoja naye, alifurahi naye alipookoka. Washenzi aliwachukia. Siku zikapita, akakomaa, na siku moja akatambua: hapana, mimi siko katika ile meli pamoja na yule bwana. Mimi niko mmoja wa wale wanaorukaruka ukingoni mwa mto na kupiga kelele. Mtunga hadithi alimvuta akamweka upande usio wake, na yeye hakujua.

Hili ndilo jambo la kwanza ambalo ningetaka kila msomaji wa biblioteke yetu alishike. Hadithi inakupa mahali pa kusimama. Unapofungua kitabu, mtunga anakushika mkono na kukuambia: simama hapa, tazama kwa dirisha hili. Kama hujui kwamba umeshikwa mkono, utafikiri dirisha lile ni dunia nzima. Mwenye kujua anaweza kuuliza: nani anasema hapa? Nani hasemi? Na yule asiyesema, angepewa kinywa, angesema nini?

Na ule mto, ndugu zangu, katika kitabu kimoja kinachojulikana sana duniani, ni mto wetu. Mwaka 1890 baharia mmoja mzaliwa wa Polandi, Joseph Conrad, alipanda meli Roi des Belges toka Kinshasa mpaka Stanley Falls, yaani Kisangani ya leo. Mwaka 1899 alitoa hadithi juu ya safari ya namna hiyo, ile Wafaransa wanaiita Au coeur des ténèbres. Vyuo vya Ulaya na Marekani vimeisoma miaka na miaka sawa moja ya hadithi kubwa za lugha ya Kingereza. Mnamo Februari 1975 Achebe, aliyekuwa mwalimu kule Massachusetts, alisimama mbele ya chuo kikuu akasema wazi kwamba kitabu kile kinawadharau watu weusi, na akatoa sababu.

Sababu moja ni ya kuhesabu, hata wale wa hesabu wataipenda. Alitafuta katika hadithi ile mahali ambapo Mwafrika anasema neno la kueleweka. Alipata mahali pawili tu. Pa kwanza, watumishi wa meli wenye njaa wanaomba wapewe watu wawale. Pa pili, mtumishi mmoja anatangaza kwamba mzungu Kurtz amekufa. Basi. Kwingine kote watu wetu ni mikono, macho, ngoma, kelele za usiku. Lakini wale waliokata kuni kwa meli za wakati ule walikuwa na majina. Walikuwa na bibi na madeni, walisimuliana hadithi jioni, walichekana. Labda walimcheka hata baharia mwenyewe. Kitabu hakituambii.

Achebe hakusema kitabu kichomwe moto. Alikubali kwamba Conrad aliona ukatili wa wakati wa Leopold na aliukataa. Yeye mwenyewe aliendelea kukisomesha kwa wanafunzi wake. Alitaka tu kisomwe na macho yaliyofunguka. Na naomba mtazame neno hili vizuri: mtu asiyesoma roman kabisa hawezi kufanya kazi ile. Kwa kumjibu Conrad lazima umsome, tena kwa uangalifu kumshinda yule anayemsifu.

Namna hiyo hiyo ndiyo ilimzaa Achebe mtunga. Kule Ibadan, mwalimu Mwingereza aliwasomesha Mister Johnson ya Joyce Cary, roman ya mwaka 1939 juu ya karani mmoja wa Nigeria, mtu wa kuchekesha anayempenda bwana wake mzungu kupita akili, na mwishoni bwana huyo anampiga risasi. Wazungu walikisifu sana. Wanafunzi, vijana wa Nigeria wenyewe, walikasirika. Mmoja alimwambia mwalimu usoni kwamba mahali pamoja tu palimfurahisha katika kitabu kizima, pale Johnson anapokufa. Mwalimu alishangaa. Achebe anasema pale aliona kwamba hadithi ya nchi yake haiwezi kuachiwa mgeni aisimulie, hata mgeni huyo akiwa na kipaji.

Sasa nifike kwa neno ambalo wengine wenu mmelisema kwa sauti ya chini, na wazazi wengine wanalisema kwa nguvu: "Roman ni bongo. Mkristo atasoma bongo namna gani?" Swali hili ni la haki, na Achebe, mtoto wa katekista, hakulikimbia. Mwaka 1978 alitoa hotuba katika chuo kikuu cha Ife juu ya ukweli wa hadithi za kutungwa. Nitaeleza kwa maneno yangu.

Kuna mambo ya kutungwa ya namna mbili, anasema. Ya kwanza inajijua kwamba imetungwa, na inakuambia. Nyanya anapoanza kusema hapo zamani za kale sungura alikwenda kwa simba, hakuna mtoto anayekimbia kwenda kumtafuta sungura yule. Nyanya hakudanganya mtu. Mtoto anakubali kwa muda kuwa sungura, anajisikia mdogo mbele ya simba, anatafuta akili, kiisha anarudi kwa mkeka wake. Alikwenda mahali ambapo mwili wake haukwenda. Namna hiyo mtu aliyeshiba anaweza kujua njaa kidogo, na kijana anaweza kujua uzee.

Ya pili ni ile inayotungwa lakini inasema: mimi si hadithi, mimi ni kweli. Huyu ndiye nyoka. Mfano wa Achebe ni mawazo ya kwamba watu wa rangi moja ni bora kuliko wengine. Yametungwa na watu, hakuna aliyeyapima akayaona, lakini walioyashika waliuza watu na kuua watu. Mtu wa namna hii anaishi ndani ya hadithi bila kujua kwamba ni hadithi.

Si lazima tuende mbali kutafuta mifano. Katika enterna yetu mmesikia: wale wa kabila fulani wote ni wezi, wale wa kule wote wana roho mbaya, usile chakula cha mama wa fulani. Nani alitunga? Hajulikani. Nani alipima? Hakuna. Lakini kwa maneno ya namna ile, katika nchi yetu hii ya mashariki, watu wamechomewa nyumba. Mimi naona yule aliyezoea roman, aliyezoea kuuliza nani anasimulia na kwa faida ya nani, ataliuliza swali hilo hilo siku atakapoletewa habari ya namna hii gizani. Kama mtu ana somo lingine linalofundisha swali lile vizuri zaidi, anionyeshe katika orari yetu, nitatia mkono kwa barua.

Nimesema juu ya kusoma. Wengine wananiuliza juu ya kutunga, hasa wale wanaoleta hadithi fupi kwa gazeti hili. Hapa Achebe ana mambo mengi, nachukua machache.

Mwaka 1965 aliandika juu ya mwanafunzi mmoja wa bibi yake, aliyekuwa mwalimu wa Kingereza katika shule ya wavulana. Kule Nigeria, tangu Desemba hivi mpaka Februari, upepo mkavu unatoka jangwani na vumbi jingi, unapasua midomo, wanauita harmattan. Yule kijana alitaka kueleza majira yale katika insha yake, akaandika majira ya baridi ya Ulaya. Mwalimu akamwuliza kwa nini. Akajibu kwamba akiandika harmattan, wenzake watamcheka, watamwita mtu wa pori. Achebe alihuzunika. Alisema hiyo iko sehemu ya kazi yake, kumwonyesha kijana yule kwamba hali ya hewa ya Afrika haina haya yoyote, na mchikichi unaweza kuingia katika shairi.

Katika sanduku la gazeti, muhula huu, tumepata hadithi 9. Katika 5 kuna theluji. Wapenzi wanaachana katika theluji, mama mgonjwa anakufa theluji inaanguka, na mmoja, simtaji, ameweka theluji kwa soko la Jumamosi. Theluji tunayo, ni kweli, kule juu kabisa ya Ruwenzori. Siku mawingu yanapofunguka asubuhi unaiona nyeupe. Lakini ni nani kati yetu ameigusa? Na wakati huo huo, hakuna hata hadithi moja yenye ukungu wetu wa saa kumi na mbili, au udongo unaoshika viatu toka bomba mpaka kalasini, au harufu ya kahawa inayokaushwa kwa mkeka. Yule aliyetembea katika udongo ule miaka sita ana habari ambayo mtu wa Paris hawezi kuandika. Anaiacha, anakwenda kukopa theluji!

Jambo la pili ni sauti ya mtu. Katika La flèche de Dieu kuna kuhani wa kienyeji anaitwa Ezeulu. Anamtuma mtoto wake kwa wazungu wa misioni, awe jicho lake kule. Achebe, katika maandiko yake mengine juu ya lugha, alichukua maneno ya yule mzee akayaandika mara mbili: kwanza jinsi yalivyo katika kitabu, yamejaa mifano na methali za mzee wa Kiigbo, kiisha kwa Kingereza cha kawaida, kilichonyoka, cha ofisi. Maana ni moja. Lakini katika maandiko ya pili mzee amekufa, amebaki karani. Mnaona kazi? Achebe aliandika Kingereza, lakini alikikunja mpaka kikabeba mzee wa kijiji. Mtunga mwingine mkubwa, Ngũgĩ wa Thiong'o wa Kenya, hakukubaliana naye. Alisema mzee wa kijiji asemeshwe katika lugha ya kijiji, na yeye mwenyewe akageuka kuandika roman zake kwa Kigĩkũyũ. Mabishano yale ni marefu, tutayaletea siku nyingine. Kwa sisi wenye Kifaransa cha kalasi, Kiswahili cha njia na lugha ya mama nyumbani, hayako mabishano ya watu wa mbali.

Tena tazameni ginsi Achebe anavyogawa haki. Hakuwafanya watu wake malaika. Katika Le monde s'effondre, Okonkwo anamwua Ikemefuna, kijana aliyekuwa anamwita baba. Mapacha wanatupwa porini. Na upande wa misioni, mmoja, Bwana Brown, anakaa na wazee na kuwasikiliza, na mwingine, Bwana Smith, anakuja kuvunja. Nwoye mtoto wa Okonkwo anaingia kanisani si kwa sababu mtu alimshinda kwa maneno. Wimbo ulimgusa mahali palipokuwa panauma, juu ya mapacha na juu ya Ikemefuna. Alitoa wapi haki hii? Alikuwa mtoto wa kanisa aliyevuka uzio kwenda kula kwa majirani wasio wa kanisa. Mzee aliyemlea baba yake ndiye alikaribisha wamisionari wa kwanza katika lupango lake, kiisha akawaomba wahamie uwanjani, kwa sababu nyimbo zao zilikuwa za huzuni mno, majirani wangefikiri ni matanga yake. Lakini hakumkataza kijana wake kuwafuata. Mtunga aliyekulia kati ya watu wa namna hii anajua kwamba mtu mmoja anaweza kucheka na kuheshimu kwa siku moja.

Wengine wanasema: "Nilileta hadithi, walinirudishia, basi sitatunga tena." Hawa wasikie habari ya Ibadan. Achebe alipokuwa mwanafunzi, wakubwa wa masomo ya Kingereza walifanya mashindano ya hadithi fupi. Hakuna aliyeshinda, walisema hakuna aliyefika, ila hadithi ya Achebe inastahili kutajwa. Mwalimu mmoja akamwambia hadithi yake inakosa umbo. Akauliza: umbo ni nini, mama, nifundishe. Akaambiwa: siku nyingine. Akamfuata muhula mzima. Mwishoni mwalimu akamwambia: nimeisoma tena hadithi yako, na kwa kweli haina kosa. Basi hakujifunza umbo kwa mtu yeyote, alikwenda kulitafuta peke yake.

Na alilitafuta kwa uvumilivu. Roman yake ya kwanza aliiandika kwa mkono; mpaka uzee alipenda kalamu kuliko mashini. Mwaka 1956, akiwa kazini kwa radio ya Nigeria, alipelekwa London kwa mafunzo, akamwonyesha maandiko yake Gilbert Phelps, mtunga na mtu wa BBC. Phelps alifurahi akataka kuyapeleka mara moja kwa wachapishaji. Achebe alikataa. Aliona hadithi imebeba mizigo miwili, babu Okonkwo na mjukuu Obi, na kila mzigo unamkosesha mwenzake nafasi. Akarudi nyumbani akakata. Okonkwo akapata kitabu chake, na Obi akapata chake baadaye, mwaka 1960. Mnafikiri ni watu wangapi, wakiitwa na mchapishaji wa London, wangesema ngoja kwanza?

Kiisha akapeleka maandiko yale ya mkono, kopi moja tu aliyokuwa nayo, kwa posta, kwa ofisi moja ya London inayopiga maandiko ya watu kwa mashini. Alilipa. Miezi ikapita, kimya. Akaandika, kimya. Mkubwa wake wa kazi, bibi mmoja Mwingereza anayeitwa Angela Beattie, alikwenda likizo Uingereza, akaingia ofisini mule akawagombeza. Ndipo kopi ilipopigwa ikarudi. Achebe alisema baadaye kwamba kama ingepotea, labda angeacha kutunga kabisa. Kitabu kilichapwa tarehe 17 Juni 1958, vitabu 2,000 kwa mara ya kwanza.

Hata kimya ni sehemu ya kazi hii. Toka roman yake ya mwaka 1966 mpaka ile ya 1987 ni miaka 21. Katikati ilipita vita ya Biafra, tangu 1967 mpaka 1970. Watu wake walikufa kwa njaa, rafiki yake Okigbo aliuawa vitani. Roman haikuja. Mashairi yalikuja, na hadithi fupi, vitu vinavyoweza kuandikwa na mtu asiyejua kama kesho atakuwa katika nyumba ile ile.

Nimalize kwa tangazo la biblioteke. Le monde s'effondre tunayo moja tu, na mtu amepasua kurasa za mwisho. Mimi nilizisoma katika kitabu cha mwalimu, kwa hiyo naweza kuwaambia kinachokosekana. Okonkwo amekwisha kufa. Komisa wa wilaya, mzungu, anatazama, na anafikiri juu ya kitabu anachotaka kuandika, namna ya kutuliza makabila ya mto Niger. Anaona habari ya mtu huyu itasomeka vizuri. Labda sura nzima, au hapana, aya moja itatosha. Sisi tumekwisha kusoma kitabu kizima juu ya mtu yule, na yeye anampa aya moja. Mwaka wa nne wataulizwa juu ya kurasa zile kabla ya Pasaka. Aliye nazo azitie katika sanduku la gazeti, hata usiku, bila jina. Hatutauliza.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa sita